Kiongozi Alale Anakoongoza

Kuna maneno nimechoka kuyasikia hapa kambini, na yanatoka pande zote mbili. Wazee wetu wanasema: mkimbizi hana siasa. Watu wa mashirika wanasema kwa upole zaidi, eti uongozi wa kambi ni kujitolea tu, kwa hiyo tusijaze masharti. Wanaongea tofauti lakini mtoto wanayemzaa ni mmoja: mwenyekiti ambaye hakuna anayekumbuka alichaguliwa lini, na kijana anayeambiwa angoje mpaka aote ndevu.

Mimi leo nataka kuongelea seneti. Najua mtacheka. Kijana wa kidato cha nne, anayefundisha watoto mpira na kusoma pale kituo cha vijana, seneti inamhusu nini? Inanihusu kwa sababu nusu ya watu niliokua nao sasa wako Marekani, na wanaponipigia simu wanaongelea baridi, kazi ya usiku na kodi ya nyumba. Nikiwauliza seneta wao ni nani, wananiambia: "Ah, kaka, hayo ni mambo ya wenyewe." Wamelibeba lile neno la wazee mpaka kwenye ndege.

Watu wengi wanafikiri bunge la Marekani ni lile moja la Washington tunaloliona kwenye simu. Hapana. Kila jimbo kati ya yale 50 lina bunge lake, na majimbo yote isipokuwa Nebraska yana mabaraza mawili. Lile la juu ndo seneti ya jimbo. Nachukua Minnesota kama mfano, maana ndiko Wasomali wengi waliopita kambi za Kenya walifikia. Jimbo lile limegawanywa maeneo 67 ya seneti, kila eneo seneta mmoja. Halafu kila eneo linakatwa vipande viwili, A na B, na kila kipande kinatoa mjumbe mmoja wa baraza la chini.

Sasa sikilizeni masharti ya kugombea useneta. Uwe raia mwenye haki ya kupiga kura. Uwe na miaka 21. Uwe umeishi Minnesota mwaka mmoja, na ndani ya eneo lenyewe miezi sita kabla ya siku ya uchaguzi. Unalipa ada ya dola 100 unapojiandikisha. Basi. Hakuna shahada. Hakuna "awe mtu mwenye familia". Wala hakuna sharti la kuzaliwa Marekani; hilo wamewawekea rais na makamu wake.

Kwa masharti hayo hayo, mwaka 2022 Zaynab Mohamed, aliyezaliwa Somalia, alichaguliwa seneta wa eneo la 63, kusini mwa Minneapolis. Alikuwa na miaka 25. Yeye na wenzake wawili walioingia mwaka ule walikuwa wanawake Weusi wa kwanza katika seneti ya jimbo lililoanza mwaka 1858. Chama chake kilikuwa na viti 34 dhidi ya 33, yaani kiti kimoja tu ndo tofauti. Mwaka uliofuata akasimamia kwenye seneti mswada wa kuwapa watu leseni ya udereva bila kujali hati zao za uhamiaji, na ukawa sheria. Mnaojua maana ya kukaa mahali bila karatasi, pimeni wenyewe uzito wa jambo hilo. Hapa kwetu dada wa miaka 25 akisimama kwenye mkutano wa bloki, anaulizwa kwanza mume wake yuko wapi.

Lakini kuna jambo linalonigusa kuliko hata huyo dada, nalo ni hesabu. Maeneo ya seneti yanachorwa upya kila baada ya miaka 10, kufuata sensa. Sensa ya 2020 ilihesabu Minnesota watu 5,706,494. Gawanya kwa 67, unapata kama watu 85,000 kwa kila seneta. Na ni watu, siyo wapiga kura. Mtoto mchanga anahesabiwa. Mkimbizi aliyeshuka ndege wiki iliyopita, naye anahesabiwa. Huko Texas wapiga kura wawili walilipinga jambo hilo mahakamani. Walitaka maeneo ya seneti yao yachorwe kwa kuangalia wenye haki ya kupiga kura peke yao. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Marekani ikawakatalia, majaji wote 8 waliokuwepo. Ikasema jimbo lina ruhusa kuhesabu kila mkazi, na sababu mojawapo ni kwamba mbunge anawatumikia wote wanaoishi kwake, hata wasiompigia kura.

Rudieni hilo. Kabla hujapata uraia, seneta anao wajibu kwako. Unaweza kwenda ofisini kwake kuuliza kwa nini shule ya mtoto haina mkalimani. Unaweza kumsaidia mgombea kubisha hodi mlango kwa mlango bila kulipwa. Kwa hiyo aliyefika juzi halafu anasema hayamhusu, anaitupa nafasi ambayo tayari imehesabiwa kwa kichwa chake.

Kitu kimoja tu usifanye, na hapa naomba kila anayesubiri safari asome mara mbili: usipige kura na usijiandikishe kupiga kura kabla hujawa raia. Njia ya kawaida ya mkimbizi ni kuomba ukaazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja, na uraia baada ya miaka 5. Katikati hapo, mtu akikuletea fomu, pengine siku unapochukua leseni ya udereva, isome vizuri. Ukitia alama kwamba wewe ni raia wakati siyo, unaweza kuukosa uraia wenyewe na kufukuzwa nchini. Kutojua lugha hakukusaidii sana mbele ya hakimu.

Kuna atakayeniambia safari zenyewe zimesimama. Kweli, tangu Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na wengi wetu tuliokuwa na tarehe mkononi tunajua hasara yake. Seneta wa Minnesota hawezi kuufungua mlango ule. Huo uko Washington. Lakini sijaandika haya kwa ajili ya wanaoondoka peke yao. Nimeandika kwa sababu ya mwenyekiti wetu.

Mwenyekiti ninayemsema halali kambini. Amepanga nyumba mjini, anakuja siku ya mgao na siku wageni wanapotembelea. Mama mmoja wa bloki yetu alimtafuta siku tatu amwandikie barua ya kumpeleka mtoto hospitali kubwa. Siku tatu! Tulipolalamika, tukaambiwa na ofisi inayohusika kwamba alichaguliwa na jamii, basi jamii imheshimu.

Wenzetu wa Minnesota walipata kesi kama hii hii. Mwaka 2024 Curtis Johnson alishinda kiti cha 40B, ambacho ni nusu ya eneo la seneti namba 40. Alimwacha mpinzani kwa asilimia kama 30, yaani hata ubishi hakuna. Lakini mpinzani akaenda mahakamani kusema: huyu bwana haishi hapa, hicho chumba alichopanga ni jina tu. Hakimu akasikiliza ushahidi na Desemba akaamua kwamba sharti la miezi sita halikutimizwa. Johnson akakiacha kiti. Chama chake, ambacho kingelingana na wapinzani 67 kwa 67, kikapungukiwa na kura moja mpaka uchaguzi ulipofanywa upya Machi 2025. Kura nyingi hazikumwokoa. Angekuwa hapa kwetu, angepewa fulana mpya na kipaza sauti.

Na mwenyekiti wa kabla yake je? Huyo alipata safari, akaondoka usiku na basi la uwanja wa ndege. Asubuhi mdogo wake alikuwa ameshika muhuri. Hakuna aliyeuliza. Seneta Kari Dziedzic wa eneo la 60 alifariki Desemba 2024, na Januari 28, 2025 watu wa eneo lake walikuwa kwenye foleni ya kura wakimchagua mwingine. Kipindi hicho seneti ilikuwa 33 kwa 33, na bado hakuna aliyesema ndugu yake ashikilie kwa muda.

Siwaoni kama malaika. Mwaka 2025 seneta wao mmoja alitiwa hatiani kwa kuvunja nyumba ya mtu, akajiuzulu. Fedha nazo zinaongea sana kwenye kampeni zao. Tofauti ninayoitaka mimi ni ndogo: masharti yako kwenye karatasi, na anayeamua kama yametimizwa siyo mshindi mwenyewe.

Wazee wangu, najua neno lenu lilitoka wapi. Siasa ndiyo iliyochoma nyumba zetu. Na mkataba wa OAU wa 1969 unamkataza mkimbizi kufanya vitendo vya kuihujumu nchi yoyote mwanachama. Sawa, na tusifanye. Lakini kuchagua nani atunze daftari la kaya za bloki siyo kuipindua serikali ya mtu. Mkiita hiyo siasa na kuikimbia, mnamwachia yule asiyeogopa chochote.

Na ninyi wa mashirika, samahani, hilo neno "kujitolea" mliache. Mtu anayeandika majina ya wanaopata turubai, anayesuluhisha kesi ya ubakaji usiku kabla askari hawajafika, anayeamua nani aende kwenye semina yenye posho, huyo ana madaraka. Mlikuja na fomu ya kuhesabu wangapi wanawake na wangapi vijana walihudhuria uchaguzi. Mlitupanga tusimame nyuma ya mgombea, kila mtu akimwona jirani yake amesimama wapi. Mama anayekopa mafuta kwenye duka la mgombea, ungetaka asimame wapi?

Hata mipaka ya bloki inatuonea. Bloki za juu zilichorwa wakati watu walikuwa wachache. Za chini, karibu na mto, zimepokea kila aliyekuja baadaye, na sasa bloki moja ina watu karibu mara tatu ya nyingine, mwenyekiti mmoja mmoja kila mahali. Kwenye mkutano wa zoni, kura ni sawa. Mwaka 1964, kwenye kesi iliyotoka Alabama, mahakama ile ile ya Marekani ilisema hata seneti za majimbo lazima zigawanywe kwa watu, wala ardhi yenyewe haipigi kura. Siye takwimu tunazo; kila mwezi mnatuhesabu kwa ajili ya mgao. Daftari hilo hilo litumike.

Uchaguzi wa zoni unakuja kabla ya mvua. Tunataka umri uwe miaka 18, basi, bila swali la ndoa. Mgombea awe amelala kwenye bloki yake miezi sita, na majirani waulizwe. Kura ziwe za siri, hata kama ni mawe kwenye ndoo nyuma ya pazia. Majina ya wagombea yabandikwe kwenye ukuta wa kituo cha maji wiki mbili kabla, na chini yake paandikwe meza ya kupeleka pingamizi ni ipi, na nani anakaa kwenye hiyo meza.