Tunaachia posho mill mali, halafu tunainunua kwa kachupa

Mwezi jana nilikuwa nyumbani Trans Nzoia, mathe akanituma posho mill na debe mbili za mahindi. "Wakoboe vizuri, wageni hawapendi ugali mweusi." Sawa. Unga mweupe ukatoka huku, pumba zikatoka kule. Mwenye mashine akauliza, "Pumba unabeba ama uniachie?" Nikamwachia. Nani atapanda boda na gunia la pumba?

Wiki iliyofuata niko Nairobi, duka la vipodozi, nimeshika kachupa ka seramu ya uso. Elfu moja mia nane. Nyuma imeandikwa: asidi ya feruliki. Wasee, nilicheka peke yangu. Hiyo kitu iko kwa zile pumba!

Siongei hewa. Asidi ya feruliki ni moja ya fenoli, kemikali ambazo mmea hujitengenezea na ambazo huzuia vitu kuharibiwa na oksijeni. Ndiyo maana watu wa vipodozi huichanganya na vitamini C na E. Viwanda pia huweza kuigeuza kuwa vanilini, ile harufu ya vanila. Na ganda la mahindi ni kati ya sehemu za mimea zenye feruliki nyingi zaidi, kushinda hata pumba za ngano.

Mbona basi hatuipati tukila tu? Kwa sababu imefungwa. Ndani ya ukuta wa seli, feruliki imeshikanishwa na nyuzi, tena inaunganisha uzi na uzi, kama misumari inavyoshika mabati. Tumbo letu halina cha kung'oa hiyo misumari. Nyingi hupita hadi utumbo mpana, bakteria wa huko wanajitahidi kidogo, basi.

Hapa ndipo vimeng'enya vinaingia. Kuna aina mbili zinazofanya kazi pamoja. Zailanasi hukatakata nyuzi ndefu, halafu esterasi hufungua lile fundo linaloshika feruliki. Kuvu kama Aspergillus niger hutengeneza vyote viwili. Unaweza pia kutumia kostiki soda, na inafanya haraka, lakini unabaki na maji makali ya kumwaga. Yataenda mto gani? Vimeng'enya hufanya kazi kwenye maji ya uvuguvugu, bila huo ukali.

Sitawadanganya kwamba ni rahisi. Mahindi ni kichwa ngumu. Nyuzi zake zimefungamana sana, kwa hivyo vimeng'enya peke yake hutoa sehemu ndogo tu. Lazima kwanza pumba zipigwe mvuke wenye presha ndipo zilegee. Hiyo ni mashine, ni moto, ni pesa.

Bado nasema tujaribu. Tuna KIRDI, tuna vyuo vikuu vinavyofundisha sayansi ya chakula, tuna kaunti zinazojisifu kwa mahindi. Wakae meza moja wafanye jaribio dogo, tujue hesabu inakubali ama inakataa. Kuliko kungoja mtu mwingine afanye, kisha atuuzie kachupa.

Najua swali linakuja: "Na ng'ombe watakula nini?" Swali la haki, mathe mwenyewe ana ng'ombe. Lakini feruliki ni sehemu ndogo tu ya pumba. Mabaki bado ni nyuzi, yapimwe kama yanafaa kulisha. Na kama hesabu itaonyesha mfugaji ataumia, basi tuache.

Kitu kimoja hakina mjadala: aflatoxin. Mwaka wa 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Ukikoboa mahindi yenye sumu, sehemu kubwa hubaki kwenye pumba. Kwa hivyo pumba zipimwe kabla ya kitu kingine chochote. Na tafadhali, usiende kujipaka pumba usoni eti nimesema. Feruliki iliyofungwa haitakusaidia, na sumu huioni kwa macho.

Kwa sasa, mimi nimejifunza kitu kimoja. Mwenye mashine akiniuliza tena kama nabeba ama namwachia, nitauliza kwanza: pumba zangu ni pesa ngapi? Wewe huwa unaziuza, unabeba, ama unaacha tu kama mimi?