Mwele Si Mteja

Katika hospitali moja ya kisiwani kwetu, ambayo sitaitaja kwa kuwa haiko peke yake, ukutani pamebandikwa tangazo: "Ndugu mteja, karibu tukuhudumie." Nimelisoma mara nyingi nikiwa juu ya benchi nikingoja, na kila nilisomapo hujiuliza ni nani aliyemfukuza mgonjwa katika nyumba yake mwenyewe. Mteja ni mtu wa dukani. Bei ikimshinda huenda duka la pili. Mwele aende wapi? Lugha yetu ilikwisha kumpa jina, ikampa na muuguzi, neno lililozaliwa na kuugua, kana kwamba amwangaliaye mgonjwa naye huubeba ugonjwa kidogo. Hayo tumeyatupa, tukaokota neno la mizani na risiti, ambalo mitaani limekwisha kupata ndugu mbaya, teja wa unga.

Wenye tangazo watasema kuwa hii ni heshima. Kwamba zamani mgonjwa alifokewa na leo anakaribishwa. Nakubali kuwa karipio la dirishani limepungua. Lakini heshima ya tabibu hupimwa kwa yale anayomwambia mwele kuhusu mwili wake, na kwa lugha anayomwambia. Hapo bado tuko palepale. Daktari aliyezaliwa mtaa wa pili, aliyelelewa kwa Kiswahili, humgeukia mwenzake akasema Kiingereza juu ya kichwa cha bibi aliyelala, kama mafundi wawili waliofungua boneti ya gari. Najua kuwa udaktari kasomeshwa kwa Kiingereza. Najua pia kuwa asubuhi moja ana foleni inayofika nje ya mlango. Lakini figo, ini, nyongo na saratani si maneno yanayohitaji kamusi. Na kijana wa leo akiingia chumbani amekwisha kuyasoma maradhi yake katika simu, daktari hukereka! Angeelezwa tangu mwanzo, asingekwenda kuokota huko.

Hoja inayoniudhi zaidi ni ile isemayo kuwa kumwambia mgonjwa ukweli ni Uzungu, na kwamba sisi watu wa pwani tuna stara. Wasemao hivyo hawaujui Uzungu wala hawaijui stara. Wazungu wenyewe walificha, tena kwa karne nyingi. Miongoni mwa maandiko yanayonasibishwa na Hippocrates yamo yanayomshauri tabibu amfiche mgonjwa mambo mengi. Mwaka 1961 madaktari 219 wa Chicago waliulizwa, na karibu 90 katika kila 100 walijibu kuwa desturi yao ni kutomwambia mgonjwa kuwa ana saratani. Madaktari wa Marekani walipoulizwa tena mwaka 1979, hesabu ilikuwa imepinduka: 97 katika kila 100 walipendelea kusema. Kiapo cha madaktari cha Geneva, kilichotungwa mwaka 1948, kilingoja hadi 2017 ndipo kikataja haki ya mgonjwa kujiamulia. Mwaka huohuo Sheria ya Afya ya Kenya iliagiza mgonjwa aelezwe hali yake, na inapowezekana aelezwe kwa lugha anayoifahamu. Huo Uzungu, basi, ni wa juzi tu.

Na sisi je? Fiqhi yetu ina mlango mzima wa maradhi ya mauti. Aliyemo katika maradhi hayo, zawadi atoazo huhesabiwa kama wasia, zisivuke theluthi ya mali yake. Mlango huo una maana gani iwapo mwenye kufa ndiye pekee nyumbani asiyejua kuwa anakufa? Wazee waliita watoto kitandani, wakataja madeni, wakaombana radhi. Hiyo ndiyo stara niijuayo mimi. Minong'ono ya ukumbini mwa wadi, ambako ndugu na daktari hugawana habari za mtu kama wanavyogawana urithi wake, sijui iitweje.

Nasema kwa ukali kwa kuwa nami nimo. Miaka kadhaa iliyopita daktari kijana alinivuta pembeni akanieleza habari za shangazi yangu: kongosho, na muda mfupi. Akaniuliza, "Tumwambie?" Nikamjibu kuwa tusimvunje moyo. Nadhani alifarijika, maana nilimtua mzigo. Niliporudi kitandani, shangazi akaniuliza, "Mwanangu, yule kijana kakwambia nini?"

"Vidonda vya tumbo tu, shangazi. Utatoka."

Akanitazama kitambo, kisha akageuza uso ukutani. Sijui kama aliniamini. Ninalolijua ni kwamba hakuuliza tena, na baada ya hapo hapakuwa na njia ya yeye kusema wala mimi kusikia. Alikuwa mtu wa kuaminiwa mtaani, wanawake wakimwekesha amana zao kwa siri, wengine hata waume zao hawajui. Alifariki kabla ya wiki ya saba. Tulipofungua kasha lake tulikuta, zimefungwa katika kipande cha kanga, bangili mbili za dhahabu zisizo zake. Tukatangaza msikitini, tukauliza nyumba kwa nyumba. Walikuja watu watatu, kila mmoja na maelezo yasiyolingana na bangili zenyewe. Bado ninazo.