Tuziandike Bei: Wito kwa Mama, Dada, Baba na Kaka



Wembe haujui kama unanyoa kidevu au mguu. Sabuni haijui kama inamwogesha baba au mama. Hata hivyo, bidhaa ileile ikishatengenezwa kwa sura mbili, moja ya kike na nyingine ya kiume, sehemu nyingi za dunia huuzwa kwa bei mbili, na mara nyingi anayelipa zaidi ni mwanamke.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2015 idara ya kulinda walaji ya Jiji la New York, Marekani, ililinganisha bidhaa karibu 800 zenye toleo la kike na la kiume. Kwa wastani za kike zilikuwa ghali zaidi kwa asilimia 7. Walipoangalia nyembe, shampuu, losheni na bidhaa nyingine za usafi wa mwili peke yake, tofauti ilipanda hadi asilimia 13. Katika kila bidhaa 100 walizolinganisha, toleo la kike lilikuwa ghali zaidi mara 42. La kiume mara 18 tu. Hesabu ya namna hiyo ndiyo ninayowaomba tuifanye hapa kwetu Tanzania, kwa mikono yetu wenyewe.

Kwa nini bei inakuwa hivyo? Mwenye kiwanda hapangi bei kwa kuangalia gharama zake tu. Anaangalia pia mnunuzi yuko tayari kulipa mpaka wapi. Mwanamke amelelewa akiambiwa kwamba unadhifu wake ndio heshima ya nyumba. Ofisini, harusini, hata msibani, atatazamwa kuanzia nywele mpaka kucha. Mfanyabiashara anajua kwamba mteja huyu hawezi kuamua kwa wepesi kuondoka mikono mitupu.

Kisha rafu zimetenganishwa. Vitu vya kike vimepangwa huku, vya kiume kule, na ni nadra mtu kubeba chupa ya upande mmoja kwenda kuilinganisha na ya upande wa pili. Vipimo navyo havilingani. Chupa mbili zinaweza kuwa na bei moja, kumbe ya kike imepungua mililita kadhaa, na jicho likiona tarakimu ya bei linatosheka. Zipo pia gharama za kweli: manukato tofauti, vifungashio tofauti, matoleo mengi ambayo kila moja linauzwa kidogo kidogo. Gharama hizo tuzikubali pale zilipo. Tusichokubali ni kulipia rangi ya chupa.

Wako wachumi wa Marekani walioichunguza hoja hii baadaye, wakaona kwamba ukilinganisha bidhaa zenye viambato sawasawa, tofauti inapungua sana. Wanasema sehemu kubwa ya pengo hutokana na bidhaa zenyewe kutofanana. Naona utafiti huo unatufaa sana. Unatufundisha kwamba malalamiko matupu hayatatufikisha popote, na kwamba anayedai haki ya bei lazima asome lebo, apime gramu, aandike. Wahenga wetu walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa tuje kwenye bidhaa ambayo haina toleo la kiume hata la kulinganisha nalo, yaani pedi. Hapa somo tunalo nyumbani, na tulilipata kwa machungu.

Juni 2018 Serikali ilipendekeza bungeni kusamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye taulo za kike. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Kodi ya asilimia 18 ilikuwa inaondoka kwenye kitu ambacho mwanamke hakichagui: mwili unakidai kila mwezi, tangu ubinti mpaka karibu na umri wa miaka 50. Mwaka mmoja baadaye, katika bajeti ya 2019/20, Waziri wa Fedha na Mipango, Dkt. Philip Mpango, alipendekeza msamaha huo ufutwe, nao ukafutwa. Sababu aliyoitoa ni kwamba wafanyabiashara hawakushusha bei, kwa hiyo mlaji hakunufaika kama ilivyokusudiwa. Badala yake wawekezaji wapya wa viwanda vya pedi wakapunguziwa kodi ya mapato ya kampuni kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka miwili.

Tuelewe kilichotokea, maana ndicho kiini cha wito huu. Bidhaa ikisamehewa Kodi ya Ongezeko la Thamani, mwenye kiwanda hamtozi mteja wake, lakini naye harudishiwi kodi aliyokwisha kuilipa kwenye malighafi, vifungashio na huduma. Kodi hiyo inabaki imejificha ndani ya bei. Bidhaa ikitozwa kwa kiwango cha sifuri, kama Afrika Kusini ilivyofanya kwa pedi kuanzia Aprili 2019, mwenye kiwanda anarudishiwa, na nafuu inakuwa kubwa zaidi. Lakini hata nafuu ikiwa kubwa, lazima ipite kwa mwagizaji, kwa muuzaji wa jumla na kwa mwenye duka kabla haijamfikia binti wa shule. Kila mmoja wao anaweza kubaki na kipande chake iwapo hakuna anayemtazama.

Waingereza yamewakuta hayohayo. Waliondoa kodi ya asilimia 5 kwenye bidhaa za hedhi tarehe 1 Januari 2021. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilibaki mikononi mwa wauzaji. Lakini hawakuirudisha kodi kwa sababu hiyo. Sisi nafuu ilipopotea njiani, aliyeadhibiwa ni mnunuzi. Mnunuzi hakuwa na cha kujitetea, kwa sababu bei za kabla na baada ya msamaha kuanza Julai 2018 hazikuwa zimeandikwa kwa pamoja, duka kwa duka, mtaa kwa mtaa, na kupelekwa bungeni.

Fedha tunayoizungumzia si ndogo. Chukua nyumba yenye mama na mabinti wawili. Tuseme paketi moja ni shilingi 2,000 na kila mmoja anatumia paketi mbili kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 12,000 kwa mwezi na 144,000 kwa mwaka. Kwa kiwango cha asilimia 18, karibu shilingi 22,000 kati ya hizo ni kodi. Baba unayetoa fedha ya matumizi, hesabu hii ni yako pia. Kaka unayemsomesha mdogo wako wa kike, nawe imo mfukoni mwako. Nyumba isiyoweza kuimudu, binti ndiye anayebaki nyumbani wakati wenzake wako darasani.

Bei hizi zinaweza kubadilika pale watu wanaposimama pamoja. Uingereza, mwaka 2016, kampuni ya Boots ilishusha bei ya nyembe za wanawake baada ya maelfu ya wateja kusaini ombi la pamoja, na mwaka uliofuata Tesco nayo ikashusha. Jimbo la New York lilipiga marufuku mwaka 2020 kutofautisha bei ya bidhaa zinazofanana kwa sababu tu moja ni ya kike na nyingine ya kiume. California ikafuata kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 2023. Karibu nasi zaidi, Kenya iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye pedi tangu 2004, na mwaka 2017 ikatunga sheria ya kuwapa pedi bure wanafunzi wa kike wa shule za umma. Rwanda iliiondoa kodi hiyo mwishoni mwa 2019.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ninaomba mambo manne.

La kwanza, tufungue daftari la bei. Kila kikoba, kila hosteli ya chuo, kila jumuiya ya kanisani na kila kundi la akina mama wa msikitini lichague watu wawili au watatu. Waandike bidhaa chache tu: pedi, wembe, sabuni, losheni, diodoranti. Waandike jina la bidhaa, duka, tarehe, bei na kipimo. Kisha wagawanye bei kwa gramu, kwa mililita au kwa kipande. Panapokuwa na toleo la kike na la kiume, wasome viambato vya yote mawili. Bei ziandikwe mwezi Mei, kabla ya bajeti, na ziandikwe tena Agosti, baada ya mwaka mpya wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Simu moja yenye kamera inatosha kuhifadhi ushahidi.

La pili, tununue kwa kushauriana. Viambato vikiwa sawa, tuchukue cha bei nafuu bila kujali kimewekwa rafu ipi. Hakuna aibu kwa mwanamke kununua wembe wa rafu ya wanaume, wala kwa mwanamume kumnunulia mkewe au bintiye pedi. Vikoba vinavyoweza vichange na kununua pedi kwa katoni kutoka kwa wauzaji wa jumla, kisha wanachama wagawane kwa bei ya jumla.

La tatu, tuzungumze na wenye maduka bila ugomvi. Muuza duka wa mtaani mara nyingi naye anapokea bei iliyokwisha kupangwa huko juu, na mke na mabinti zake wanainunua kama sisi. Tumwombe atuonyeshe bei aliyonunulia. Maduka makubwa tuyaombe yabandike kwenye rafu bei kwa gramu au kwa kipande, ili mteja alinganishe bila kikokotoo.

La nne, tupeleke hesabu zetu kwa wenye mamlaka. Tume ya Ushindani ipo kisheria kumlinda mlaji. Tuiombe ichunguze na kutangaza bei za bidhaa za kike na za kiume zinazofanana. Wabunge wetu tuwaandikie barua mapema, kabla ya vikao vya bajeti. Walioko Zanzibar wawaandikie Wawakilishi wao, kwa kuwa Zanzibar ina sheria yake ya Kodi ya Ongezeko la Thamani. Na tunapodai nafuu ya kodi kwenye pedi, tudai vitu viwili kwa pamoja: kiwango cha sifuri badala ya msamaha, na utaratibu wa wazi wa kufuatilia bei baada ya kodi kuondoka. Atakayebaki na nafuu isiyo yake aulizwe yeye, mwanamke asirudishiwe mzigo.

Najua wapo watakaosema kuna mambo makubwa zaidi ya kupigania, maji na hospitali na barabara. Ninayaheshimu, na mengi kati ya hayo tunayapigania tayari. Lakini hili halihitaji mfadhili wala mkandarasi. Linahitaji kalamu, watu wanaoaminiana, na nidhamu ya kurudi dukani kwa tarehe mliyokubaliana.

Liwekeni hili kwenye ajenda ya kikao chenu kijacho. Chagueni waandishi wenu, gawaneni maduka, pangeni siku ya kuanza. Mwezi wa sita Waziri wa Fedha atakaposimama kusoma bajeti, kila mbunge awe ameshapokea hesabu za wanunuzi wa jimbo lake, zikiwa na tarehe, majina ya maduka na saini zetu.