Njiti wanakosa pumzi, vigogo wanabadili mashangingi

KIJANA mwenzetu, usiruke safu hii ukidhani ni habari za akina mama. Mkeo hapo Manzese au Tandika akishikwa uchungu mimba ikiwa ya miezi saba, atakayehangaika na bajaji usiku wa manane ni wewe.

Mtoto njiti huzaliwa mapafu yake hayajakomaa. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo vya hewa, navyo vinahitaji ute maalumu, unaofanya kazi kama sabuni, ili visinywee kila anapotoa pumzi. Njiti hana ute wa kutosha. Anahema kwa kukoroma, mbavu zinabonyea, mwisho anachoka.

Agosti 1963 ugonjwa huu ulimuua Patrick, mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani, akiwa na umri wa saa 39 tu. Baba alikuwa na madaraka, fedha na madaktari. Tiba haikuwapo.

Leo ipo. Mwaka 1972 Liggins na Howie wa New Zealand walionyesha kwamba mama akidungwa sindano ya steroidi kabla ya kujifungua, mapafu ya mtoto hukomaa haraka. Utafiti uliotolewa mwaka 2020, ambao Kenya ilishiriki, ulithibitisha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei chee, inapunguza vifo vya njiti hata katika nchi maskini. Akishazaliwa, ipo mashine ya kumsukumia hewa puani. Ya aina moja presha yake hupimwa kwa mrija uliotumbukizwa kwenye chupa ya maji. Chupa ya maji, jamani!

Sasa kinakosekana nini? Aprili 2001 kule Abuja wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Tanzania bado haijafika huko. Ila shangingi la kigogo hatujasikia limekosa mafuta.

Kwa hiyo mheshimiwa akija mtaani kwako na fulana na kofia, pokea ukitaka, lakini muulize: wodi ya njiti katika hospitali ya wilaya ina oksijeni? Ina wauguzi wangapi zamu ya usiku? Asikuyeyushe.

Na uchungu ukianza kabla ya wakati, usingoje kuche. Mkimbize mama hospitali, mwulize daktari kuhusu sindano hiyo. Muuguzi akikuambia uvue shati umbebe mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, vua.