Si Kila cha Kale ni Dhahabu

Mzee mmoja wa upande wa Mushaki, kwenye milima ya malisho ya Masisi, mashariki mwa Kongo, aliniburutia sanduku la mbao kutoka uvunguni mwa kitanda. Ndani mlikuwa na kipande cha kitenge kilicholowa samli, na ndani ya kitenge bastola. Ni ile ya kizamani, yenye silinda inayozunguka. Mpini wake wa mbao umepasuka, na kutu imekula chuma hadi kikajaa vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Babu yake aliipata kwenye nyumba ya Mbelgiji mwenye shamba, siku wazungu walipokuwa wakifunga mizigo. Sasa fundi mmoja amemwahidi kuirudishia ujana. Bei ya kazi ni sawa na mbuzi watatu.

“Mwanangu,” akaniambia, “ya kale ni dhahabu. Nikiitengeneza, itakuwa mali.”

Siku ile nilimjibu kwa maneno machache, kwa heshima ya mvi zake. Leo namjibu kwa kirefu, kwa sababu imani hiyo si yake peke yake. Nimeisikia Sake, nimeisikia Walikale, nimeisikia kwa wasomi wa Goma. Wanasema kitu kilichoachwa na mzungu, kikiwa kikuukuu, lazima kina thamani, na kwamba kukifufua ni kufungua hazina. Imani hii ni ya uongo, na kwa upande wa silaha ni uongo unaoua.

Tuanze na chuma chenyewe. Nilimwomba mzee ruhusa nikasugua ubavu wa silinda kwa kidole. Chini ya kutu ikatokea alama ndogo mfano wa yai, ndani yake herufi tatu, E, L na G, na juu yake taji. Kijana wake akaruka kwa furaha: taji la mfalme! Akaamini bastola imetoka ikulu ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji.

Sivyo. Alama hiyo ni ya ofisi ya ukaguzi wa silaha ya mji wa Liège, Ubelgiji, iliyoanzishwa mwaka 1672. Silaha ya moto iliyotengenezwa mjini humo ilipelekwa pale, ikatiwa baruti kupita kiasi cha kawaida, ikafyatuliwa. Ikistahimili, inagongwa muhuri. Taji liliongezwa juu ya herufi hizo mwaka 1893. Kwa hiyo muhuri ule ulituambia mambo mawili tu: kwamba bastola ilikaguliwa mwaka 1893 au baadaye, na kwamba siku ya kukaguliwa haikupasuka. Muhuri huo huo umegongwa kwenye silaha kwa mamilioni. Liège ilikuwa na mafundi wenye majina makubwa, kama ndugu Émile na Léon Nagant, ambao bastola yao ilichukuliwa na jeshi la Urusi mwaka 1895. Lakini ilikuwa pia na karakana ndogo zisizohesabika, zilizoiga bastola za Waingereza na Wamarekani na kuziuza kwa bei ya chini, nyingi bila hata jina la mtengenezaji. Ya mzee wetu haina jina popote. Ilikuwa bidhaa ya dukani, ya bei nafuu, tangu siku ilipozaliwa.

Sasa tuje kwenye hesabu ya mbuzi watatu. Wakusanyaji wa silaha za kale huko Ulaya na Marekani hutafuta jina la mtengenezaji, hali ya asili ya chuma, na ushahidi wa nani aliimiliki. Fundi wetu atafanya nini? Atapiga msasa. Msasa utaondoa kutu, na pamoja na kutu utaondoa muhuri, namba na kingo zote za chuma. Kisha atakipaka weusi, atachonga mpini mpya, atabadilisha springi. Atakachomrudishia mzee ni kitu kinachong'aa, ambacho si cha kale tena wala si kipya. Mkusanyaji akikiona atageuza uso. Wanaoijua biashara hiyo wanajua kwamba silaha ya bei rahisi iliyosuguliwa hushuka thamani, na kwamba gharama ya fundi hairudi.

Na hata ingekuwa na thamani, angemuuzia nani? Sheria ya silaha ya nchi yetu, ile ya Septemba 3, 1985, inadai kibali. Umoja wa Mataifa uliweka vikwazo vya silaha mashariki mwa Kongo tangu mwaka 2003. Hakuna mnada wa London utakaopokea bastola isiyo na karatasi kutoka Masisi. Mteja pekee atakayefika mlangoni ni mtu anayetaka kuitumia. Hapo ndipo neno “mali” linapobadilika maana.

Najua wengi watasema: wewe mwandishi, hulali Masisi. Usiku mbwa wakibweka, serikali iko wapi? Bora mtu awe na kitu. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu inatoka kwenye hofu ya kweli. Mwezi Machi 1993 moto wa mapigano ya kikabila uliwaka kwenye soko la Ntoto, Walikale, ukapanda hadi Masisi, ukaua maelfu. Tangu hapo tumeona makundi yakizaliwa, yakibadili majina, yakiungana na kugawanyika. Mwezi Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-centre, mwezi Machi wakaingia Walikale-centre. Katika miaka yote hiyo bunduki zimezidi kuwa nyingi. Je, kuna kijiji kilichopata usingizi kwa sababu hiyo?

Nitasema wazi. Bastola ya risasi tano au sita, yenye umri wa miaka mia, haimzuii kijana mwenye AK. Nyingi za bastola hizo zilitengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi ya zamani; ukizitia risasi ya nguvu ya leo, silinda inaweza kupasuka mkononi mwa mwenyewe. Risasi za asili za aina nyingi ziliacha kutengenezwa zamani. Kwa hiyo aliyeifufua hana ulinzi. Ana sababu ya kushukiwa. Siku ya msako, upande wowote utakaokuja, nyumba yenye silaha huitwa nyumba ya adui. Habari nazo hazikai uvunguni: fundi atamwambia rafiki, rafiki atamwambia mwenzake baa, na siku moja watu watabisha hodi usiku kutafuta kile kile mzee alichodhani kitamlinda. Sijazungumzia bado mjukuu wa miaka saba anayejua sanduku liko wapi.

Iko hoja moja ya mwisho, na hii ndiyo inayonigusa zaidi. Wanasema: ni urithi. Ni kumbukumbu ya babu. Tutaiachaje ioze?

Nauliza: urithi wa nini hasa? Julai 2, 1890, mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Ulinadiwa kuwa wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake walizuia silaha za kisasa, zenye mtutu wa mifereji, zisiingizwe kwa wenyeji katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Majeshi ya serikali na watu wenye kibali waliruhusiwa. Babu zetu waliachiwa gobore. Katika Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, askari mweusi alibeba bunduki ya Albini, na afisa mzungu ndiye aliyening'iniza bastola kiunoni. Bastola ilikuwa alama ya nani anaamuru na nani anaamriwa.

Kisha wakaja walowezi kwenye milima yetu. Kuanzia mwaka 1937 utawala wa Kibelgiji uliwahamishia Masisi watu kutoka Rwanda kufanya kazi kwenye mashamba makubwa, huku wenyeji wakiona ardhi yao ikipimwa na kugawiwa. Waliohamishwa na waliopokonywa walikuwa chini ya amri moja, na nyuma ya amri hiyo kulikuwa na chuma kama hiki. Wajukuu zao wamekuja kuuana, huku kile chuma kikiwa kimefungwa kwenye samli kama mtoto mchanga. Huo ndio urithi tunaotaka kuusugua ung'ae?

Sisemi kitupwe wala historia isahauliwe. Nasema kinyume chake. Kutu ile ndiyo historia. Inaonyesha kwamba kuna siku iliyopita ambapo silaha hii iliwekwa chini na haikuinuliwa tena, na kwamba babu aliipata akaiacha ilale. Kuifufua ni kufuta jambo la heshima kuliko yote aliyoifanyia: kutoitumia. Ukitaka kumkumbuka babu, andika alichokuambia. Mwite mwalimu wa shule ya kijiji, mwite mtoto mwenye simu, simulia. Maneno ya mzee hayahitaji kibali cha serikali, na hakuna atakayekuja usiku kuyaiba.

Wala mimi si adui wa kutengeneza vitu vya kale. Kuna mama ninayemfahamu ambaye alirekebisha cherehani ya mguu, Singer ya miaka mingi, iliyoachwa na watawa. Alibadilisha mkanda, akatia mafuta, akanunua sindano. Leo inashona sare za shule na inamlipia mtoto wake karo. Hicho ni kitu cha kale kinachostahili fundi, kwa sababu kikipona kinafanya kazi ya mikono. Mwaka 2009 huko Saudi Arabia uvumi ulienea kwamba ndani ya Singer za kale kuna zebaki nyekundu yenye thamani ya utajiri. Bei zikapaa, watu wakamwaga pesa zao. Zebaki hiyo haikuwapo. Tanzania nako watu wamechimba mashimo usiku wakisaka hazina ya Mjerumani. Ni ugonjwa ule ule wa kuamini kwamba utajiri wetu umefichwa ndani ya vitu vya waliotutawala. Mama wa cherehani alikwepa ugonjwa huo: aliuliza mashine inaweza kufanya nini, hakuuliza ilikuwa ya nani.

Msumbiji walielewa jambo hili mapema. Mwaka 1995, baada ya vita vyao vya muda mrefu, Baraza la Makanisa, kwa juhudi za askofu Dinis Sengulane, lilianza kuwapa watu majembe, baiskeli na cherehani badala ya bunduki. Bunduki zilikatwa vipande. Msanii Kester akavichomelea baadhi ya vipande hivyo kuwa kiti cha enzi mwaka 2001, na leo kiti hicho kimewekwa katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Watu wanakwenda kukitazama. Kati ya silaha zote za vita vile, zilizokatwa ndizo zilizopata heshima hiyo. Hapa Kongo pia, huko Katanga, shirika la PAREC la mchungaji Daniel Ngoy Mulunda liliwahi kubadilishana na wapiganaji bunduki kwa baiskeli. Njia hiyo inajulikana. Kinachokosekana ni nia.

Kwa hiyo ukiwa na sanduku kama la mzee wetu, kabla hujamwita fundi jiulize: kikitengenezwa, kitazalisha nini? Nani ataweza kukinunua kihalali? Na siku mjukuu wangu akikishika, atakuwa ameshika nini? Usipopata jibu jema kwa yote matatu, usilipe hata franka moja.

Na ninyi mafundi wa vyuma, ambao mikono yenu inachomelea magari, milango na masufuria ya kuchemshia maziwa ya jibini letu, kataeni kazi hii. Mtu akikuletea bastola umrekebishie, mwambie utaikata mtutu bila malipo. Mnajua kazi gani inamlisha mtu na kazi gani inamzika.

Mzee wangu wa Mushaki, mbuzi wako watatu bado wako zizini. Waache humo. Mwaka ujao watakuwa wamezaa, na bastola ile haitazaa kitu.