TUFIKIRI PAMOJA: Vita inakula mukate wa nani?



Mwezi huu tunaanza na barua. Kijana mmoja wa Kolwezi alituandikia. Yeye ni mtoto wa mchimbaji, na babu yake pia alikuwa mchimbaji. Tunachapa maneno yake vile alivyoyaandika:

«Siku moja tulikuwa tunakaa na bakubwa pa lupango, tunasikiliza habari ya vita pa radio. Muzee mumoja akasema: Musiogope bure. Vita ya batu ba mbali njo bukari yetu. Kila mara beko banapigana, bei ya shaba inapanda, na sisi tunakula. Miye nilinyamaza, lakini roho haikutulia. Ile maneno ni ya kweli?»

Kijana wetu, asante kwa ulizo lako. Wewe msomaji mwingine, usimcheke mzee yule. Alisema jambo ambalo wazee wengi wa Katanga waliliona kwa macho yao. Tumpe kwanza haki yake, kisha tukae chini tuhesabu pamoja.

Mzee alisema nusu ya kweli

Vita inataka shaba, ni kweli. Ganda la risasi ni shaba iliyochanganywa na zinki. Waya za simu, radio na mashini za ndege, zote zinataka shaba. Mwaka 1940, Wajerumani walipokamata Ubelgiji, shaba ya Katanga ilienda upande wa Uingereza na Marekani, na kazi ikaongezeka. Haikuwa shaba peke yake. Mwaka ule ule Union Minière ilipeleka New York zaidi ya tani 1.000 za mawe ya uranium kutoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Sehemu kubwa ya uranium ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka katika udongo wetu.

Sasa uliza: mchimbaji alipata nini? Kazi iliongezeka, vitu vya soko vikapanda bei, lakini mshahara ukabaki nyuma. Mwezi wa Desemba 1941 wachimbaji wa Elisabethville (ndiyo Lubumbashi) na wa Jadotville (ndiyo Likasi) wakaacha kazi, wakiomba nyongeza. Tarehe 9 Desemba, katika kiwanja cha mpira cha Elisabethville, askari wakawapiga risasi. Makumi ya watu walikufa. Fikiri kidogo, msomaji: watu waliochimba shaba ya risasi, risasi iliwarudilia wao wenyewe.

Tuendelee. Wakati wa vita ya Vietnam bei ya shaba ilikuwa juu, na vita ilikuwa moja ya sababu. Katikati ya mwaka 1974 bei ilikuwa imepanda sana. Serkali ya Zaïre ikakopa feza nyingi, ikifikiri bei itabaki vile. Kabla ya mwaka ule kuisha, bei ikaanguka chini ya nusu. Deni halikuanguka. Wazee wanakumbuka vizuri miaka iliyofuata.

Kwa hiyo, kijana, bukari ya vita ni bukari ya kukopa. Unaila leo, na kesho mwenyewe anapiga hodi.

Yule anayenunua, yeye anapata nini?

Ile ni hesabu ya upande wetu, sisi wenye kuuza. Tuangalie na upande wa yule anayenunua silaha. Tuchukue nchi yenye feza kushinda zote, Marekani.

Tarehe 16 Aprili 1953 rais wao, Eisenhower, alisema na wakubwa wa magazeti kule Washington. Kumbuka mtu yule hakuwa padri wala mwalimu. Alikuwa jemadari, aliyeongoza majeshi ya kuwashinda Wajerumani. Lakini siku ile alifanya hesabu kama mama anayekwenda soko. Alisema bei ya ndege moja kubwa ya mabomu ni sawa na masomo ya matofali katika miji zaidi ya 30. Ao mashini mbili za kutoa umeme, kila moja ya mji wa watu 60.000. Ao hospitali mbili nzima zenye vyombo vyote. Ao barabara ya kilometa karibu 80. Na bei ya manowari moja ni nyumba mpya za watu zaidi ya 8.000.

Hakusema askari waende nyumbani. Nchi yake iliendelea kutengeneza silaha nyingi, na yeye mwenyewe alizitia mkono. Lakini alitaka watu wajue kila silaha imekula kitu gani. Na mwaka 1956 alitia mkono pia kwa sheria ya kujenga barabara kubwa za nchi nzima, karibu kilometa 66.000. Barabara zile zinabeba watu mpaka leo.

Sasa rukia mwaka 2003. Marekani inaingia vita ya Irak. Kabla ya kuanza, wakubwa wa Serkali walisema itaomba labda miliari 50 ao 60 za dola. Miaka ikapita. Mwaka 2014 watu wa hesabu wa bunge lao waliandika kwamba Irak peke yake ilikuwa imekula zaidi ya miliari 800. Umeona? Walikwenda soko na kapu moja, wakarudi na deni la makapu zaidi ya kumi. Na feza ile kwa sehemu kubwa ilikopwa. Kodi haikupandishwa, ilishushwa. Maana yake wale watakaolipa ni watoto.

Tusisahau watu. Askari wa Marekani karibu 4.500 walikufa kule, na raia wa Irak zaidi ya 100.000. Wengine walirudi nyumbani bila miguu, ao roho imevunjika, na dawa yao italipwa miaka mingi.

Katika miaka ile ile, nyumbani mwao kulikuwa na nini? Tarehe 29 Agosti 2005 zoruba Katrina ilipiga mji wa New Orleans. Kuta za kuzuia maji zikavunjika, karibu sehemu nne kwa tano za mji zikaingia maji, na katika eneo lile watu zaidi ya 1.000 wakafa. Tarehe 1 Agosti 2007, saa ya watu kutoka kazini, daraja kubwa la Minneapolis likaanguka ndani ya mto Mississippi. Watu 13 wakafa. Mwaka 2005, na tena mwaka 2009, chama cha mainjiniere wa nchi ile kilipima barabara, madaraja, maji na kuta zote, kikatoa alama kama mwalimu: karibu na ya mwisho kabisa.

Tuseme ukweli, msomaji, tusiongeze chumvi. Vita ya Irak haikuvunja daraja lile. Waliochunguza walikuta bamba za chuma zilichorwa nyembamba tangu mwanzo, miaka ya 1960. Na kuta za New Orleans zilikuwa na makosa ya zamani. Lakini kuta na madaraja vinataka jicho la kuviangalia kila mwaka na feza ya kuvitengeneza. Nyumba yenye vita, macho yote yako mlangoni. Hakuna anayeangalia juu kuona dari linavuja.

Tofauti ya bunduki na barabara

Kuna jambo lingine ambalo vijana wafahamu. Ukijenga masomo, kesho yake watoto wanaingia, na kesho kutwa tena, hata miaka 50. Ukitengeneza barabara, mama anapeleka mihogo yake soko, anarudi na feza, feza ile inalipa masomo ya mtoto. Kitu kimoja kinazaa kingine. Lakini bomu, siku linapofanya kazi yake njo siku linapoisha. Tena linaacha kazi ya kujenga upya kile lilichobomoa. Unalipa mara mbili.

Nchi moja ndogo ilijaribu njia nyingine. Ni Costa Rica, katika Amerika ya Kati. Tarehe 1 Desemba 1948, baada ya vita ya wao kwa wao, mkubwa wao José Figueres alichukua nyundo akapiga ukuta wa kambi ya askari katika mji mkubwa. Akasema jeshi limekwisha. Mwaka 1949 wakaandika jambo lile katika sheria mama ya nchi. Kambi ile ikageuka nyumba ya kutunza vitu vya kale. Walibaki na polisi, na wakaweka nguvu katika masomo na afya. Mpaka leo hawana jeshi, na wanajulikana kwa masomo yao.

Na sisi?

Najua utasema nini. «Costa Rica haina majirani kama wetu.» Ni kweli, na lazima tulijibu jambo hili bila kukimbia. Mwezi wa Januari 2025 watu wa Goma waliona vita inaingia mji wao, na mwezi wa Februari watu wa Bukavu. Mama aliyekimbia na mtoto mgongoni, usimwambie kwamba askari ni feza ya bure. Masomo bila usalama ni kuta tu. Mwalimu anakimbia, watoto wanalala porini. Mlinzi ni kazi ya lazima, sawa vile mlango ni sehemu ya nyumba.

Lakini mfuko ni mmoja. Mwaka 2019 Serkali yetu ilianza kulipia masomo ya msingi ya watoto wote, na mwaka 2022 ikatia sheria ya mpango wa feza za jeshi kwa miaka kadhaa. Mwalimu na askari wanatia mkono ndani ya mfuko ule ule. Kwa hiyo kila mara tunaposikia feza ya vita, tuulize maulizo matatu, kwa heshima, lakini tuulize:

Ya kwanza: ili kununua hiki, tumeacha nini?

Ya pili: nani analipa, sisi ao watoto wetu?

Ya tatu: feza hii inafika kweli kwa yule anayelinda, ao inapotea njiani? Sababu askari asiyelipwa anageuka mzigo kwa kijiji anachopaswa kulinda. Pale vita imekula mara tatu: mshahara wa askari, kuku wa mama, na daraja ambalo halikujengwa.

Katika Luka sura ya 14 Bwana anaweka hesabu mbili pamoja: ya mtu anayetaka kujenga mnara, na ya mfalme anayetaka kwenda vitani. Wote wawili anawakalisha chini kwanza, wahesabu. Mwenye kujenga na mwenye kupigana, hakuna anayepewa ruhusa ya kuanza bila hesabu.

Tena tusicheke wakubwa wa nchi peke yao. Katika kambi moja ya wachimbaji nilipokaa zamani, baba wawili waligombana juu ya mpaka wa lupango. Haukuzidi upana wa miguu miwili. Mmoja aliuza baiskeli ya kwenda kazini, mwingine aliuza cherehani ya bibi yake, yote kwa ajili ya kesi. Kesi ilidumu mvua mbili. Aliyeshinda alipata ile miguu miwili ya udongo. Lakini mtoto wake wa kwanza alikuwa ametoka masomo, na bibi wa yule mwingine hakushona nguo tena. Niliwapenda wote wawili. Hakuna aliyekuwa mtu mbaya. Hawakuhesabu tu.

Basi, kijana wa Kolwezi, rudi kwa mzee yule na salamu zetu. Mwambie, kwa adabu: Baba, ulisema kweli kwamba vita inapandisha bei. Lakini waya wa umeme nao unataka shaba. Mashini za hospitali zinataka shaba. Dunia ikijenga, shaba yetu itanunuliwa pia, na yule anayeinunua kwa kujenga atarudi tena mwaka kesho, sababu atakuwa mzima. Kisha umwombe akueleze habari ya mwaka 1941, kama baba yake alimwambia. Labda utajifunza mengi kuliko yaliyo katika ukurasa huu.

Na wewe msomaji, fanya kazi ndogo mwezi huu. Chukua daftari, chora mstari katikati. Upande mmoja andika feza ya nyumba yenu iliyokwenda katika magomvi: kesi, kisasi, kushindana na jirani. Upande mwingine andika kile feza ile ingejenga. Somea watu wa nyumba yako mkiisha kula. Utuandikie ulichoona.

Mbaki na amani. Tuonane mwezi ujao.