Mjane wa Bwana Bach

Mwezi huu naomba tutoke kidogo katika mapishi na malezi, tuingie katika muziki. Msihofu, tutarudi nyumbani upesi kuliko mnavyodhani.

Katika jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani, uko mji uitwao Bethlehem. Jina hilo ulipewa mkesha wa Krismasi mwaka 1741, na waliouanzisha ni Wamoravian. Ndilo Kanisa lile lile ambalo wamisionari wake walifika Rungwe mwaka 1891, na leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Kwa hiyo mama wa Tukuyu au Mbeya hatashangaa nikimwambia kwamba tamasha ninalotaka kulieleza hutangazwa kwa tarumbeta. Wapigaji wa tromboni husimama juu mnarani, nao hupiga tenzi za zamani za Kijerumani huku watu wakikusanyika chini. Bethlehem imekuwa na tromboni tangu mwaka 1754. Zamani zilitumika pia kutangaza msiba, na kwa kusikiliza wimbo uliochaguliwa watu walitambua kama aliyefariki ni mume, mjane, msichana au mtoto, kabla hawajaambiwa jina.

Tamasha lenyewe ni la mwezi Mei, siku za Ijumaa na Jumamosi. Kwa desturi ya miaka mingi hufanyika mwisho wa juma mmoja, kisha hurudiwa mwisho wa juma unaofuata. Mwenye tamasha ni mtunzi mmoja, Johann Sebastian Bach, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1685 na kufariki mwaka 1750. Na Jumamosi mchana, katika kanisa la Chuo Kikuu cha Lehigh, kwaya huimba kazi ile ile iliyoimbwa mwaka uliotangulia na miaka mingi kabla ya huo, yaani Misa ya B maina, ambayo huchukua karibu saa mbili.

Utauliza, hawachoki? Mimi nadhani mtu huchoka na kitu alichokielewa mara moja. Misa hii si ya namna hiyo. Sauti zinaingia moja baada ya nyingine, tano, sita, hata nane mahali pengine, kila moja na njia yake, na mwimbaji akipotea hakuna wa kumshika mkono. Walioiimba kwanza walijua hivyo. Kiongozi wao, J. Fred Wolle, mpiga kinanda wa Kanisa la Moravian pale mjini, alipowaletea wanakwaya wake Misa hiyo katika miaka ya 1890 walimkatalia kabisa. Walisema ni ngumu mno. Ikabidi angoje mpaka mwaka 1898, ilipoundwa kwaya mpya kwa kazi hiyo. Tarehe 27 Machi 1900 wakaiimba yote kanisani kwao, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza Misa nzima kuimbwa katika Marekani. Hawakuwa waimbaji wa kulipwa, na hata leo kwaya ile ni ya watu wa kujitolea, watokao kazini jioni na kwenda mazoezini kama tufanyavyo sisi. Mji wao ulikuwa mji wa chuma. Mkuu wa kiwanda, Charles Schwab, aliisaidia kwaya kwa fedha miaka mingi. Kiwanda hicho kiliacha kufua chuma pale mjini mwaka 1995, na kampuni yenyewe haipo tena. Kwaya ipo.

Sasa turudi nyumbani, kama nilivyoahidi, maana Misa hiyo ilipita mezani kwa mama mmoja.

Mwaka 1733 Bach alikuwa Leipzig, mwalimu wa muziki wa shule ya Mtakatifu Thomas na msimamizi wa muziki wa makanisa ya mji. Hakuwa akielewana vizuri na wakubwa wa baraza la mji, akatamani cheo katika jumba la mtawala huko Dresden. Basi akampelekea mtawala yule sehemu mbili za kwanza za Misa, Kyrie na Gloria, pamoja na barua ya maombi. Lakini wimbo hauimbwi kutoka karatasi moja. Kila sauti na kila chombo huhitaji karatasi yake, na wakati ule kila nota ilinakiliwa kwa mkono. Karatasi za Dresden zipo hadi leo, na wataalamu wanaojua kusoma miandiko wametambua mikono iliyozinakili. Upo wa Bach mwenyewe, wa wanawe wawili wakubwa, Wilhelm Friedemann na Carl Philipp Emanuel, na wa mkewe, Anna Magdalena.

Yeyote aliyewahi kunakili nyimbo za kwaya katika daftari usiku, watoto wamelala na taa inayumbayumba, anajua kazi hiyo ni nini.

Anna Magdalena alikuwa mwimbaji kabla hajawa mke. Baba yake alikuwa mpiga tarumbeta, naye mwenyewe aliimba katika jumba la mfalme mdogo wa Köthen na kulipwa mshahara wake. Aliolewa Desemba 1721, akiwa na miaka 20. Bwana alikuwa na miaka 36, mfiwa, ana watoto wanne. Binti yule aliingia katika nyumba yenye watoto wa mwenzake aliyefariki, naye akazaa 13 wa kwake, saba kati yao wakafa wangali wadogo. Walipohamia Leipzig mwaka 1723, kazi yake ya kuimba kwa mshahara ikaisha, na makanisani walikoimba wavulana wa shule hapakuwa na nafasi ya sauti ya mwanamke. Kalamu ndiyo iliyobaki mkononi mwake. Zile nyimbo sita za Bach za selo peke yake, ambazo wanamuziki wa dunia nzima hujifunza, hazijapatikana kwa mwandiko wa Bach. Nakala maarufu kuliko zote ni ya mkono wa mkewe.

Bach alifariki tarehe 28 Julai 1750, baada ya kupasuliwa macho mara mbili. Hakuacha wosia. Kwa sheria ya mahali pale mjane alipata theluthi moja ya mali, na theluthi mbili zikagawanywa kwa watoto tisa waliokuwa hai, wa mama wa kwanza na wa pili. Vinanda, vyombo na vitabu vya dini viliorodheshwa na kuthaminiwa. Nyumba haikuwa yao, ilikuwa ya shule, na mwalimu mpya aliihitaji. Mjane aliliomba baraza limpe nusu mwaka wa huruma, kwa malipo ya mumewe, akapewa. Katika siku hizo akakabidhi kwa shule karatasi za kantata nyingi za Bach, nazo zimehifadhiwa Leipzig mpaka leo. Ili akubaliwe kuwa msimamizi wa watoto wake waliokuwa hawajafikia umri wa utu uzima, alitoa ahadi kwamba hataolewa tena. Mwaka 1752 baraza lilimpa taler 40, kwa sababu ya uhitaji wake na kwa ajili ya kazi nyingine za muziki alizotoa.

Mama wenzangu, hapo nilisimama nikasoma mara ya pili. Miaka karibu thelathini ya ndoa, na mwisho wake ni mjane anayetoa karatasi za mumewe kidogo kidogo. Tunayajua mambo haya. Wangapi wetu tumeona siku ya arobaini haijafika, mjane ameshaulizwa atahama lini?

Anna Magdalena alifariki Leipzig tarehe 27 Februari 1760. Katika kumbukumbu ameandikwa kuwa mama wa kupokea sadaka. Kaburi lake halijulikani lilipo. La mumewe nalo lilisahauliwa kwa miaka mingi, lakini mifupa inayodhaniwa kuwa yake ilitafutwa mwaka 1894, na leo imelazwa ndani ya kanisa la Mtakatifu Thomas, wageni wakiweka maua.

Kitindamimba wao aliitwa Regina Susanna. Baba alipofariki alikuwa na miaka minane. Hakuolewa, akazeeka katika umaskini palepale Leipzig. Mwaka 1800 mhariri wa gazeti moja la muziki, Friedrich Rochlitz, aliandika ombi la msaada kwa ajili yake, akiwakumbusha Wajerumani kwamba binti wa Bach yu hai na ana shida. Michango ikaja. Beethoven alipopata habari huko Vienna, alitaka kazi yake mojawapo ipigwe chapa na kuuzwa kwa faida ya mama yule mzee. Regina Susanna alifariki Desemba 1809, wa mwisho kati ya watoto wote wa Bach. Misa ambayo mama yake aliinakili ilikuwa bado haijapigwa chapa.

Hadi mwezi ujao, Mungu akipenda.